Safari ya Dubai na Khabari ya Chombo Kisikilizacho Qur'ani



Tangu tulipotoka Dubai watu wengi wametuuliza tulifuata nini huko, maana si desturi ya mwalimu wa chuo kuonekana katika maonyesho ya wafanyabiashara wa kompyuta. Swali lao ni la haki, nasi twalijibu hapa kwa urefu, kwa kuwa jambo lililotupeleka si letu peke yetu. Twaamini kwamba madrasa nyingi za pwani hii, ikiwa hazijalikabili leo, zitalikabili kesho.

Kamati ya madrasa yetu hapa Mombasa ilichangisha fedha kwa wazazi kwa muda wa miezi minane. Zilipohesabiwa zikaonekana zatosha jambo moja kati ya mawili. La kwanza ni mshahara wa mwaka mzima wa mwalimu wa pili, mwanamke, wa kuwasomesha watoto wadogo. La pili ni kununua vibao kumi vya kioo viitwavyo tableti, vyenye programu ya kumsikiliza mtoto akisoma Qur'ani na kumrudi akikosea. Vijana wa kamati walitaka vyombo, wazee walitaka mwalimu, na maneno yakawa makali kuliko ilivyofaa katika nyumba ya kusomea. Hapo mzazi mmoja, mfanyabiashara wa simu aendaye Dubai kila mwaka kutafuta bidhaa, akasema: "Maalim, twende sote ukaone kwa macho yako, kisha uje utuambie." Nauli alitulipia yeye, Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Maonyesho hayo huitwa GITEX. Yalianza mwaka 1981, na mwaka tuliokwenda sisi, 2024, yalifanywa tangu tarehe 14 mpaka tarehe 18 Oktoba katika kumbi za Dubai World Trade Centre. Waandaaji walitangaza kwamba wenye kuonyesha bidhaa zao walikuwa zaidi ya 6,500. Hesabu hiyo ukiisoma katika karatasi ni nyepesi. Ukiitembea kwa miguu ndipo uujuapo uzito wake. Tulivikwa kadi shingoni zenye majina yetu, mfano wa watoto wapelekwao skuli siku ya kwanza, tukatoka ukumbi huu tukaingia ule, na miguu yetu, iliyozoea kukunjwa juu ya jamvi, ikaomba amani kabla ya adhuhuri.

Tulidhani tutaona mitambo mikubwa yenye magurudumu na moshi. Kumbe sehemu kubwa ya bidhaa za siku hizi haionekani kwa macho. Watu wamesimama mbele ya kuta za mwanga wakiuza vitu visivyoshikika: nafasi ya kuweka maandishi katika mashine zilizo mbali, ulinzi wa mabenki dhidi ya wezi wa siri, na hiyo iitwayo akili bandia. Maneno haya mawili yalikuwa yameandikwa kila pahali, hata juu ya vitu ambavyo kwa maoni yetu vingalifanya kazi yake vizuri bila ya akili yo yote. Kulikuwa pia na watu wa chuma waongeao na kupepesa macho, na watoto wa wageni waliwazunguka kama wazungukavyo muuza kashata. Sisi hatukukaa sana hapo.

Jambo lililotufurahisha ni wakati wa sala. Adhana ilipotoka, chumba cha kusalia kilijaa hata watu wakapanga safu nje ya mlango. Yuko aliyevaa suti, yuko aliyevaa kanzu na agali, yuko mfagiaji wa ukumbi. Kadi zao zote zaning'inia shingoni, na wakisujudu kadi hugusa zulia kabla ya vipaji vya nyuso.

Siku ya pili ndipo tulipokifikia kibanda tulichokitafuta. Jina la kampuni hatulitaji, kwa kuwa hatukwenda kuwatangazia wala kuwaharibia. Kijana aliyekisimamia alikuwa mtu wa adabu njema, naye mwenyewe amehifadhi juzuu kumi. Alitueleza kazi ya chombo chake kwa subira, nasi twaieleza hapa kama tulivyoifahamu.

Chombo hicho kimelishwa sauti za wasomaji wengi sana, pamoja na maandishi ya aya walizozisoma. Kwa hesabu kubwa zifanywazo upesi, kikajifunza kwamba sauti ya namna hii hufuatana na neno la namna hii. Basi mtoto akisoma, chombo hakifahamu asomalo, chapima. Chatazama sauti hiyo yafanana zaidi na neno lipi, kisha chatazama neno hilo lakaa wapi katika msahafu. Likiwa pahali pake, neno hugeuka rangi ya kijani juu ya kioo. Mtoto akiruka neno au aya, huja nyekundu, na chombo hungoja mpaka arejee.

Kukijaribu hakukuwa jambo rahisi, maana hatukuona kuwa ni adabu kuisoma Qur'ani kwa makosa ya makusudi. Kwa hivyo kabla ya safari, kwa idhini ya wazazi, tuliwarekodi katika simu watoto sita wa madrasa yetu, kila mmoja akisoma sura azijuazo, na wale wakubwa wakaongeza mwanzo wa Surat Yasin. Makosa yao tuliyaandika yote katika daftari. Yalikuwa 43: ya kuacha neno au kuruka aya 9, ya irabu 8, ya kufupisha au kurefusha madda 10, na ya makharij ya herufi 16. Kijana alizichukua rekodi zenyewe akazitia ndani ya chombo, ili kelele za ukumbi zisiharibu mtihani.

Matokeo yalikuwa haya. Ya kuacha na kuruka, chombo kiliyakamata yote 9, wala hakikusinzia hata mara moja. Na hapa yapasa tuseme kweli, kwamba mwalimu mwenye watoto arobaini mbele yake, baada ya alasiri, husinzia. Ya irabu kilikamata 5. Ya madda kilikamata 2. Na ya makharij, katika 16, kilikamata 3.

Mfano mmoja utatosha. Mtoto wa Kiswahili, kabla ulimi wake haujalainishwa, husoma qafu kama kafu. Akifika Surat al-Ikhlas hasemi *Qul*, husema *Kul*. Wasomao Kiarabu wajua tofauti yake: la kwanza ni "Sema", la pili ni "Kula". Watoto wetu watatu kati ya wale sita walisoma hivyo, na kila mara chombo kiliandika *Qul* kwa kijani kizuri. Mtoto asema "Kula", chombo chaandika "Sema", na mtoto aambiwa amepata. Sababu yake si uzembe wa waliokitengeneza. Chombo chajua kwamba sura hiyo huanza na *Qul*, basi kikisikia sauti iliyo karibu nayo, huchagua lile neno lililo la kawaida zaidi. Lile lile likipalo uwezo wa kumfuata msomaji bila kupotea ndilo limfichialo kosa lake.

Kijana hakubisha. Alisema kazi ya makharij ndiyo waishughulikiayo sasa, na kwamba sauti za watoto wa Afrika walizonazo ni chache mno. Kisha akatuomba tumwachie rekodi zetu. Tulikataa kwa upole, maana wazazi walitupa idhini ya kujaribu, hawakutupa idhini ya kuacha. Alituambia, "Mna haki," akatuletea kahawa na tende.

Usiku huo hatukulala mapema. Tulikumbuka khabari iliyo mashuhuri kwa wanazuoni, kwamba Sayyidna Uthman (R.A.) aliponakilisha misahafu na kuipeleka katika miji mikubwa ya Waislamu, hakuipeleka peke yake, kila msahafu ulifuatana na msomaji wa kuwasomesha watu. Maandishi yalikuwa sahihi, na wengi wa walioyapokea walikuwa Waarabu katika lugha yao wenyewe, na juu ya hayo wakapelekewa mdomo wa mtu. Na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akidurusu Qur'ani na Jibril kila Ramadhani, na katika mwaka wake wa mwisho wakaidurusu mara mbili. Qur'ani ilikuja kwa sikio na mdomo, na mwalimu huutazama mdomo wa mwanafunzi kabla hajaisikia sauti yake. Sisi humwona mtoto atakayeikosea dhadi kabla hajaitamka, kwa jinsi anavyouweka ulimi.

Hatusemi haya kwa kuvichukia vyombo. Mwaka 1961 redio ya Misri ilianza kuitangaza Qur'ani nzima kwa sauti ya Sheikh Mahmud Khalil al-Husary, aliyeisoma kwa tartili tangu mwanzo hata mwisho, na mwaka 1964 ikafunguliwa Cairo idhaa ya Qur'ani peke yake. Kanda za sheikh huyo zilifika mpaka vijijini kwetu, na sisi wenyewe tuliyajua mengi ya waqfu kwa kumsikiliza. Lakini kanda ile haikudai kuwa inatusikiliza. Ilisoma, nasi tukafuata, na mwalimu wetu akaturudi.

Siku ya tatu mwenzetu alikuwa na mikutano ya biashara yake, nasi tukapata nafasi ya kuuona mji. Tulipanda gari la moshi la mji, ingawa halina moshi wala dereva. Njia yake ya kwanza ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009. Tulikaa kiti cha mbele kabisa, pahali ambapo dereva angalikaa, na twakiri kwamba mara ya kwanza tulipoona reli yapinda mbele yetu tulisoma dua ya safari kwa sauti.

Tuliteremka karibu na Khor, ule mkono wa bahari uugawao mji wa kale sehemu mbili, Deira upande huu na Bur Dubai upande ule. Hapo watu huvuka kwa mashua ndogo iitwayo abra, na nauli ni dirham moja. Mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, Sheikh Rashid bin Said Al Maktum aliuchimbisha mkono huo kwa fedha za mkopo ili majahazi makubwa yaweze kuingia. Mafuta yalikuwa bado kuonekana. Yaligunduliwa mwaka 1966. Twalitaja hili khasa kwa vijana wetu, ambao hudhani kwamba Dubai ni mafuta tu. Bandari ilitangulia.

Upande wa Deira majahazi ya mbao bado yamefungwa gatini, moja ubavuni mwa jingine, na bidhaa zimerundikwa kando: majokofu, mipira ya magari, magunia, viti vya plastiki. Harufu ilikuwa ile ile ya Bandari ya Kale ya Mombasa tulipokuwa wadogo, yaani samaki mkavu, kamba na mafuta ya taa. Wazee wetu waliyangoja majahazi ya huko pamoja na pepo za kaskazi, yakija na tende na mazulia na ng'onda, na kwa pepo za kusi yakarudi na boriti.

Na boriti hizo tumeziona. Katika mtaa wa kale wa Al Fahidi, wenye nyumba za minara ya kukamatia upepo, tuliingia chumba kimoja tukainua macho, na juu ya vichwa vyetu zimelala boriti za mikoko zilizopangwa kama zilivyopangwa katika nyumba tuliyozaliwa. Gharofa na vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha mita tatu, kwa sababu moja tu: boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi. Nchi ya jangwa haina miti ya kujengea, basi mikoko ya Lamu na ya Rufiji ndiyo iliyowapimia upana wa vyumba vyao vya kulala. Mlinzi wa nyumba, mzee wa Kibaluchi, alituuliza kwa nini twatazama dari badala ya kutazama vitu vilivyowekwa sandukuni. Tulimwambia kwamba dari ni yetu. Alicheka sana.

Karibu na hapo yuko ngome ya Al Fahidi, iliyojengwa mwaka 1787 kwa mawe ya matumbawe. Katika noti ya karatasi ya dirham 100 tuliyokuwa nayo mfukoni, upande mmoja umechorwa ngome hiyo, na upande wa pili jumba la ghorofa 39 la World Trade Centre, lililofunguliwa mwaka 1979, ambalo tulikuwa tukipita chini yake kila siku kwenda katika maonyesho. Siku hizo lilikuwa refu kupita yote mjini. Leo huliona kwa shida kati ya majirani zake.

Refu kuliko yote sasa ni Burj Khalifa, lililofunguliwa tarehe 4 Januari 2010, urefu wake mita 828. Kulipanda ni kwa tiketi, na bei yake tuliona bora iende katika zawadi za watoto. Tulitosheka na kulitazama kutoka chini mpaka shingo ikauma. Lakini liko jambo lake moja ambalo wasomaji wetu watapenda kulijua. Katika Ramadhani ya mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai walitoa fatwa kwa wakaao humo: aliye juu ya ghorofa ya 80 angoje dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na aliye juu ya ghorofa ya 150 angoje dakika tatu. Maana jua likisha kutua kwa mtu wa chini, wa juu bado aliona, naye amri yake ni kufunga mpaka litue. Nyumba moja, mlango mmoja, na adhana ya Magharibi haiwahalalishii wote tonge kwa wakati mmoja. Tuliwasimulia watoto wa darasa la fiqhi khabari hii tuliporudi, na mmoja akauliza je, aliye ndani ya lifti? Tulimpa kazi ya kuifikiri mpaka Ijumaa.

Usiku wa mwisho alitujia kijana aliyesoma chuoni kwetu, ambaye sasa ni mlinzi wa jumba moja huko Deira. Alitubusu mkono kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na umri wa miaka tisa. Hufanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, na hulala chumba kimoja na wenzake watano. Tulipomwambia khabari ya chombo na ya *Kul*, alinyamaza kidogo, kisha akatoa simu yake.

"Maalim," akasema, "mimi ninayo programu ya namna hiyo. Kila usiku kabla ya kulala naisomea. Miaka miwili ya kwanza hapa sikuwa nayo, na Tabaraka yote ilinitoka. Darsa msikitini ziko, lakini saa zake ndizo saa zangu za kazi. Sasa imerudi."

Tukamwomba atusomee. Alisoma Suratul Mulk yote, amesimama kando ya mlango wa jumba lake, na magari yanapita. Hakuacha neno. Qafu zake zilikaa pahali pake, kama tulivyomwekea. Ila madda amezifupisha, karibu zote, nayo ni tabia ya mtu asomaye peke yake amechoka. Na simu yake, mwaka na zaidi, ilikuwa imempa kijani. Tukamrudisha mwanzo. Tulikwenda aya baada ya aya mpaka mwenzake wa zamu alipomwita, na tulikuwa tumefika katikati tu.

Kijana huyu alitubadilishia nusu ya ripoti tuliyokuwa tumeiandika akilini. Tulikuwa tumeazimia kusema kwamba chombo hakifai. Tukaandika badala yake kwamba hakifai kwa mtoto ambaye ulimi wake bado haujatengenezwa, kwa kuwa kitamtilia muhuri makosa yake na kumwambia kuwa ni sahihi. Na kwamba chafaa, tena chafaa sana, kwa aliyekwisha kusomeshwa na mwalimu akawa ahitaji wa kumsikiliza asisahau: mama aliyehifadhi ambaye hana nafasi ya kutoka nyumbani, baharia, mlinzi wa usiku katika nchi ya watu. Na hao wote wana simu zao tayari. Kwa hivyo hapana haja ya kununua tableti kumi. Fedha ziende kwa mwalimu, na wakubwa waonyeshwe namna ya kuitumia programu katika simu walizonazo, kwa sharti kwamba kila mwezi waje wasikilizwe na mtu.

Ripoti ilisomwa mbele ya kamati. Kijana mmoja wa kamati alisimama akasema neno ambalo hatukuwa na jawabu lake: kwamba tableti zikinunuliwa hukaa miaka minne au mitano, na mshahara huliwa ukesha kwa mwaka mmoja. Wazee walitaka kumnyamazisha, sisi tukaomba aachwe aseme, kwa kuwa alikuwa akisema hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi. Kura zilipopigwa, mwalimu alishinda kwa kura mbili.

Bibi huyo ameanza kazi. Ana watoto thelathini na saba katika chumba cha chini, na wiki yake ya kwanza yote aliitumia katika qafu. Mshahara wake umewekwa wa mwaka mmoja. Wa mwaka wa pili haujulikani utatoka wapi. Kamati itakaa tena kwa jambo hilo Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya sala ya Isha, na yule kijana wa hesabu ndiye tuliyempa uenyekiti wa kikao.